Pubele bila mwenyewe: neno moja kabla ya kununua zile za rangi tatu



Kuna picha moja ambayo wengi wenu munaijua. Tuko watu kumi na wanne, tumevaa vitisheti vya njano, tumezunguka pubele moja ya kijani inayong'aa. Nyuma yetu barabara ya Kadutu inapanda, na wamama wawili wenye mizigo mgongoni wanatuangalia kama watu wanaoangalia arusi ya wageni. Chini ya picha kuliandikwa: «Bukavu safi inaanzia kwako.» Ilipendwa sana. Mimi njo niliandika yale maneno.

Wiki iliyopita kamati yetu ilitutumia mradi mpya. Mara hii ni pubele za plastiki, za rangi tatu: kijani kwa vitu vinavyooza, njano kwa plastiki, bluu kwa karatasi. Zitawekwa fasi za wazi ambapo watu wengi wanapita: Nyawera, sokoni, mbele ya shule, kwenye parkingi za mabasi. Kamati inaomba maoni kabla ya mkutano mkuu. Haya njo ya kwangu. Sishambulii mtu. Nahakiki kazi ya mikono yetu wenyewe, na naanza na mikono yangu.

1. TUANGALIE KWANZA KITU CHENYEWE

Chuoni walitufundisha kusoma kitabu kwa jicho kali: nani anasema, anasema na nani, anaficha nini. Pubele nayo inasomeka hivyo hivyo. Kila kitu kilichowekwa njiani kinamwambia mpita njia neno fulani. Basi tusome zile zetu kumi.

Tulinunua mapipa matano ya litre 200. Fundi wa kuchomelea akayakata katikati, tukapata pubele kumi za litre 100 kila moja. Akazipa miguu ya chuma na kifuniko, sisi tukapaka rangi. Mbele tukaandika jina la ushirika wetu kwa herufi ambazo unaweza kuzisoma toka ng'ambo ya barabara. Chini yake, kwa herufi ndogo, na kwa Kifaransa, tukaomba watu watupe uchafu humo. Kosa la kwanza liko pale pale. Mama anayeshika ganda la ndizi alilazimika kuinama ili ajue kitu kile ni cha nini, na akishainama akute luga ambayo pengine haisomi. Pubele ilikuwa inasema na mfadhili, haikuwa inasema naye.

Kosa la pili ni uzito. Uchafu wa soko yetu si karatasi za biro. Ni maganda ya ndizi, majani ya muhogo, nyanya zilizopondeka, mabua ya miwa, na mvua juu ya hayo yote. Litre 100 za uchafu kama ule zinaweza kufika kilo 40 ao zaidi, si mbali na mfuko mzima wa simenti. Sasa sisi tulichomelea pipa kwenye miguu, na miguu tukaizika mu beto ili wezi wasiibebe. Ndani hatukuweka ndoo ya kutoa. Kwa hiyo, ili kutosha uchafu, mtu alilazimika kuingiza mikono mpaka kwenye bega. Niambieni nani kati yetu alikuwa tayari kufanya vile. Tulijenga kitu cha kujaza tu, cha kutosha hatukukifikiria.

Kosa la tatu ni mvua. Hapa kwetu mvua inaanza Septemba na inaenda mpaka Mei. Hatukutoboa hata tundu moja chini ya mapipa. Kisha wiki mbili, ndani mlikuwa supu nyeusi yenye funza na mbu.

Kosa la nne ni moto. Wamama wanaochoma mahindi na mishikaki wanamaliza kazi usiku, na majivu yao bado yana makala yenye moto. Waliyamwaga fasi gani? Kwenye pubele, kama tulivyowaomba. Chuma kilivumilia, lakini sashe za ndani ziliungua usiku kucha, na moshi wake uliingia mu nyumba za watu. Sasa fikirieni zile za mradi mpya, ambazo ni za plastiki. Siku ya kwanza ya mahindi zitayeyuka.

Kosa la tano, vifuniko. Kisha mwezi moja vilibaki viwili. Tulilalamika juu ya wezi, lakini fikirini vizuri: kifuniko cha chuma kina bei kwa wanunuzi wa feraye. Kama pubele haina faida kwa mtu yeyote pale ilipo, na feraye ina faida, chuma kitafuata bei.

Kosa la sita ni fasi tulizochagua. Tulizichagua kwa macho ya mpiga picha: mahali peupe, penye mwangaza, barabara ikionekana vizuri nyuma. Lakini watu hawali mahindi mahali peupe. Wanakula penye kivuli, wanaposubiri basi, kwenye ngazi za maduka. Uchafu unaangukia pale mtu anapomalizia kula. Hatukusimama hata asubuhi moja kuangalia ni wapi.

Mtu ataniuliza: basi pubele nzuri iko na sura gani? Haina sura moja. Sura yake inajibu tatizo la mahali pake. Mwaka wa 1995 mabomu yalilipuka Paris, na moja lilikuwa ndani ya pubele ya njiani. Kwa sababu hiyo wakaleta mfuko unaoangaza, uliotundikwa kwenye duara ya chuma, ili polisi aone kilicho ndani. Mwaka ule ule, tarehe 20 Machi, watu wa dini moja walitupa gesi ya sumu mu metro ya Tokyo. Japani ikatosha pubele fasi nyingi za wazi, na mpaka leo ni chache sana. Tatizo la kule lilikuwa bomu na sumu. Letu ni mvua, mteremko, majivu ya moto, bei ya feraye, na uchafu mzito unaooza kwa siku mbili. Tulipochora pubele yetu, hatukuandika hata moja ya hayo matano kwenye karatasi.

2. SWALI LA MAMA

Kuna mama mmoja ambaye anauza ndizi na parachichi hatua kidogo toka pubele moja yetu. Siku ya kuiweka alisimama akatuangalia tunavyochanganya simenti. Kisha akaniita, kwa heshima yote:

«Mutoto yangu, hii kintu ni nzuri. Lakini nani atakuya kuitosha uchafu? Atakuya siku gani?»

Nikamjibu: «Mama, usiwe na mashaka, tumepanga na komini.»

Haikuwa kweli. Tulikuwa tumepeleka barua komini, na komini iliipiga muhuri kwamba imeipokea. Muhuri wa kupokea si mpango. Nililijua hilo nikiwa nasema, lakini mpiga picha alikuwa anatusubiri.

Nilirudi kisha miezi mitatu, juu ya shuguli ingine kabisa. Mama hakuwa tena fasi yake. Alikuwa amehamia ng'ambo ya barabara, kwenye jua. Pubele ilikuwa imejaa, imemwagika, na kando yake kulikuwa rundo lingine mara tano kuliko yenyewe. Watu wa avenyu za juu walikuwa wanateremsha uchafu wa nyumba usiku na kuuacha pale. Na walikuwa na haki ya kufikiria vile: mahali penye pubele ni mahali pa uchafu, sisi wenyewe tulikuwa tumeandika. Mbele yetu, fasi ile haikuwa na rundo. Mama alikuwa anafagia kila asubuhi kipande chake, jirani yake anafagia cha kwake, na uchafu unaenda na mtu wa pusupusu kwa pesa kidogo. Tulipoweka pubele, tuliwatosha wenyewe. Kila mmoja alisema: sasa ni kazi ya wale wa vitisheti.

Mama hakunitukana. Ningependa anitukane. Alisema tu: «Harufu ilifukuza bateja. Nilikumbuka vile ulisema.»

Sasa sikilizeni jambo ambalo sijawahi kulisema mu mkutano. Wiki ile ile nilikuwa naandika ripoti ya mwisho. Mfadhili aliuliza swali moja tu juu ya matokeo: pubele ngapi zimewekwa? Nikaandika: kumi. Chini nikaongeza kwa hiari yangu kwamba zote kumi «zinatumiwa vizuri na wakaaji». Siku ile zilibaki saba, na ile ya mama nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Hakuna aliyeniomba niongeze ule mstari. Niliuongeza kwa sababu ripoti nzuri inaleta mradi mwingine. Na kweli, mradi mwingine umekuja. Njo huu tunaopigia kura.

Tuangalie na pesa. Matumizi yetu yote yalikuwa dola 640. Mapipa na kuchomelea: 380. Rangi: 60. Vitisheti: 120. Gari na mpiga picha: 80. Kutosha uchafu: sifuri. Hakuna aliyeiba, kila franka ina karatasi yake. Lakini bajeti ile ilikuwa tayari inaeleza mwisho wa hadisi, kama tungeisoma. Vitisheti vilikuwa na mstari wao, kazi ya kutosha uchafu haikuwa na mstari.

Kwa hiyo neno langu kwa kamati ni hili. Pubele ni ahadi kwamba mtu fulani atakuja, siku fulani, na kitu cha kubebea, na fasi ya kupeleka. Ukiweka chuma bila ahadi ile, umeanzisha jalala mpya na umeliandika jina lako juu yake.

3. BWANA POUBELLE MWENYEWE

Hili neno «pubele» tunalitumia kila siku, lakini wachache wanajua kwamba ni jina la mtu. Eugène Poubelle alikuwa prefe wa Seine, yaani mkoa wenye mji wa Paris. Tarehe 24 Novemba 1883 alitia saini amri iliyowalazimisha wenye nyumba kuwapa wapangaji wao vyombo vyenye kifuniko vya kutilia uchafu. Watu walikasirika, magazeti yakamcheka kwa kuita chombo kile kwa jina lake. Jina likabaki, likavuka bahari, likafika mpaka kwetu.

Mambo mawili ya amri ile yanatuhusu sisi hasa.

La kwanza: Poubelle hakuanza na kupanda vyombo njiani na kuondoka. Kila chombo kilikuwa na mwenyewe, yaani mwenye nyumba. Kilikuwa na saa yake ya kutolewa inje asubuhi, na gari la farasi linapita kukimwaga. Chombo kilikuwa kipande kidogo cha mpango mrefu. Sisi tulichukua jina na umbo la chombo, mpango tukauacha Paris.

La pili: amri ile ilitaka vyombo vitatu! Kimoja kwa vitu vinavyooza, kimoja kwa karatasi na vitambaa, kimoja kwa vioo, vyungu na maganda ya chaza. Mnaona? Rangi tatu ambazo kamati yetu inaziita teknolojia mpya ziko na miaka zaidi ya 140. Na ule mgawanyo wa vyombo vitatu haukushika. Waokota vitambaa wa Paris, maelfu ya maskini waliokuwa wanaishi kwa kuchambua uchafu usiku, nao waliipinga amri, kwa sababu ilifunga mkate wao ndani ya chombo. Hakuna aliyekuwa amewauliza. Sisi nasi hatukuuliza maibobo ambao kila siku wanaokota bidoni na chuma kwenye Kadutu.

4. CHUPA YA PRIMUS HAILALI MU MTARO

Tufike kwenye rangi tatu. Ndugu yangu, fanya mtihani mdogo. Tembea toka Nyawera mpaka Kadutu na hesabu unachokiona mu mitaro. Utaona sashe nyeusi, chupa za plastiki za maji, makaratasi ya biskuti. Chupa tupu ya Primus utaiona? Hapana. Hata mlevi hawezi kuiacha njiani, na akiiacha, mtoto ataiokota kabla haijalala. Kwa nini? Kwa sababu chupa ya bia iko na amana. Ukiirudisha, iko na bei. Hakuna aliyemfundisha mlevi ule juu ya mazingira.

Angalia na vitu vingine. Chupa nzuri ya plastiki inajazwa mafuta ya ngazi, maziwa ao kasiksi. Bidoni ya njano inatafutwa kama dhahabu. Chuma kinaenda kwa feraye. Maganda ya ndizi, mwenye mbuzi anayataka. Kwa kweli sisi Wakongomani tunachambua uchafu kuliko watu wengi, ila tunachambua kwa bei. Kinachobaki njiani ni kile ambacho hakina mnunuzi: sashe, chupa nyembamba iliyopasuka, maganda yaliyochanganyika na mchanga.

Sasa pubele ya njano inasema: weka plastiki hapa. Sawa, nimeweka. Kisha? Mradi wa kamati una kurasa kumi na moja. Nimetafuta jina la mnunuzi wa plastiki, sikuliona. Nimetafuta bei ya kilo, sikuiona. Nimetafuta kama gari litakuwa na vyumba vitatu, ao pusupusu tatu, sikuona. Maana yake ni kwamba yule atakayekuja, kama atakuja, atamwaga rangi zote tatu mu mfuko moja mbele ya macho ya watu. Na mkaaji aliyejisumbua kuchambua atakuwa amejifunza kitu: kwamba hawa wanalisansi wanacheza. Mara ya pili hatachambua, hata kama mpango wa kweli utakuja. Kila mchezo unaondoa kidogo ile imani ambayo mpango wa kweli utaihitaji kesho.

Tena, uzito wa tatizo hauko pale rangi zinapoonyesha. Ripoti ya Banki ya Dunia ya 2018 juu ya uchafu inaonyesha kwamba katika inchi zenye mapato madogo, zaidi ya nusu ya uchafu ni chakula na majani. Kwa soko kama ya Kadutu hakuna haja ya kuuliza mtu, angalia chini tu. Ni maganda. Ingekuwa akili kuanza na kile kikubwa, kinachooza, ambacho mwenye shamba ao mwenye nguruwe anaweza kukitumia wiki hii hii bila mashini yoyote. Lakini maganda hayatoki vizuri kwenye picha.

5. «NI MENTALITE YA WATU»

Najua jibu ambalo litakuja chini ya andiko hili: pubele hazina kosa, kosa ni mentalite. Watu wetu hawana adabu. Angalia ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda ni safi. Angalia Japani.

Jibu hilo lina kweli ndani yake, sitalidharau. Nimeona mtu aliyevaa koti na kravati akitupa chupa toka dirisha la basi, na kando ya basi kulikuwa pubele. Lakini tuangalie mifano yenyewe.

Wengi wetu tumevuka mpaka na tumeona sashe yetu ikichukuliwa kabla ya kuingia. Rwanda ilipitisha sheria ya kukataza sashe mwaka wa 2008, na ikaweka watu wa kuifuata. Na umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, uko na siku, uko na kiongozi, uko na orodha. Sisi nasi tuko na dekree ya 30 Desemba 2017, inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki. Na tuko na salongo toka zamani za Mobutu. Karatasi tuko nayo, siku ya kazi tuko nayo. Kinachokosa ni mtu wa kufuata kesho yake. Basi kama tofauti ni kufuata, kwa nini sisi wasomi tunajibu kwa kununua vyombo?

Na Japani, ambayo tunapenda kuitaja: pubele za njiani ni chache, na njia ni safi. Kama pubele ndizo zinaleta usafi, Tokyo ingekuwa jalala. Kule mtu anarudi na uchafu wake nyumbani, kwa sababu nyumbani anajua ni siku gani gari la plastiki linapita na ni siku gani gari la vinavyooza linapita. Adabu yake inategemea gari linalokuja kweli. Mweke Mjapani Kadutu, mpe sashe ya maganda, umwambie gari halitakuja kamwe. Kisha wiki mbili tuongee tena juu ya mentalite.

Mama wa ndizi alikuwa na mentalite kuliko sisi wote. Alikuwa anafagia kila asubuhi bila mfadhili. Swali lake lilikuwa swali la enjinia: nani, siku gani?

Na hili si jambo la harufu tu. Maji ya Kadutu yanateremka kwa mito midogo kama Kawa mpaka ziwani. Ziwa Kivu linatokea hapa hapa kwetu, linaingia Ruzizi, na penye mlango wa mto kuna santrali ya umeme ya Ruzizi I, iliyojengwa wakati wa Wabelgiji. Sashe na chupa zinafika pale, zinaziba, mashini zinasimama, na wafanyakazi wanalazimika kuutosha uchafu kabla moto kurudi. Wewe unayesoma hii kwa simu yenye asilimia nane ya batri, unayelaani kukatika kwa moto, pengine unalaani sashe ya mwezi uliopita. Pubele inayomwagika kando ya mteremko, mvua ikinyesha, ni njia fupi tu ya kwenda turbine. Zetu tatu zilizoanguka, najua zilikoenda.

6. NAOMBA NINI

Siombi tukatae pesa. Naomba tubadilishe kinachonunuliwa. Mambo matano:

Kwanza, pubele mbili tu, fasi mbili, si thelathini. Kabla ya kuchagua fasi, watu wawili wakae pale siku tatu, asubuhi mpaka jioni, waandike uchafu unaanguka wapi na nani anafagia.

Pili, kila pubele iwe na mwenyewe anayejulikana, mwenye kufanya kazi pale pale, na alipwe. Mimi ningemuuliza mama wa ndizi kwanza, kama bado anakubali kunisikiliza. Jina linaloandikwa mbele liwe siku za kutosha uchafu, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Jina la ushirika likae chini, dogo.

Tatu, umbo: ndoo mbili ndogo za kutoa, ambazo mtu mmoja anaweza kuzibeba; matundu chini; kifuniko kilichofungwa na mnyororo; na kando, kopo la chuma kwa majivu tu. Ndoo moja kwa maganda, ingine kwa vilivyobaki. Mbili zinatosha, kwa sababu maganda tuko na mahali pa kuyapeleka, na karatasi hatuna.

Nne, pesa ya miezi sita ya kutosha uchafu iwekwe kando kabla ya kununua chuma. Nimepiga hesabu: mara tatu kwa wiki, wiki 26, ni safari 78. Kwa dola tatu kila safari ya pusupusu kwa fasi zote mbili, ni dola 234. Ni kidogo kuliko tulichotumia kwa chuma mara ya kwanza. Kama fasi ya kumwaga haijakubaliwa na komini kwa maandishi, yaani maandishi ya kweli, si muhuri wa kupokea, basi tusianze.

Tano, ripoti. Tusihesabu tena pubele zilizowekwa. Tuhesabu mara ngapi zimetoshwa uchafu, kwa daftari inayobaki kwa mwenye pubele na ambayo yeye njo anatia saini, si sisi. Kama mfadhili hapendi hesabu hiyo, tutajua alikuwa anataka nini.

Ripoti hiyo ya Banki ya Dunia inasema kwamba katika inchi kama yetu, asilimia 93 ya uchafu unaishia kutupwa hovyo ao kuchomwa, na kwamba kazi ya uchafu inaweza kula karibu asilimia 20 ya bajeti ya mji. Ushirika wa wanafunzi wa zamani hauwezi kubeba mzigo wa mji. Lakini unaweza kufanya kitu kidogo ambacho kinasimama kweli kwa miezi sita, na kukionyesha komini na meri: hivi njo inafanyika, na hivi njo inagharimu. Hilo lina maana kuliko pubele thelathini zinazooza na jina letu mbele.

Kuhusu ripoti ya zamani, nimeiandikia kamati barua na hesabu ya kweli: kumi ziliwekwa, saba zilibaki kisha miezi mitatu, leo ninazozijua zimesimama ni mbili. Moja imegeuzwa chini juu, na mtu anauzia vitenge juu yake. Nadhani njo ile inayofanya kazi vizuri kuliko zote. Naomba barua ile isomwe mbele ya watu kabla ya kura. Ikiwa mutaamua kwamba sistahili tena kuandika ripoti za ushirika, nitakubali.

Nilirudi kwa mama Jumapili iliyopita kumwambia haya. Alinisikiliza, akanipimia parachichi mbili, akanilipisha bei ya kawaida. Nilipoondoka na maganda mu mkono, nilitafuta fasi ya kuyatupa. Sikuiona. Nilirudi nayo mpaka nyumbani.

Siku ya mkutano, kabla ya kuinua mkono, kila mtu aulize lile swali lake: nani atakuya kuitosha, na siku gani? Kama kamati iko na jibu, nitainua mkono wangu wa kwanza.